Mkono Ukiinuliwa Barabarani

Watu wa Tassia wanaamini kwamba pikipiki ikitoka dukani huwa bado haijamalizika kutengenezwa. Aliyeiunda huko ng'ambo kaianza tu. Kuimaliza ni kazi ya mnunuzi. Ataifungia bampa za chuma zinazoweza kumrudisha ng'ombe nyuma, ataishonea kiti kirefu cha kukaa abiria wawili wembamba au mmoja aliyejaaliwa, ataitundikia mwavuli, redio na taa za buluu zisizomulika kitu, na nyuma, kwenye mpira wa kuzuia matope, ataandika neno la hekima. Mpira wa Abdurahim uliandikwa PANDA TUONGEE. Kwa hiyo siku alipokuja stejini, wanapongojea abiria, na habari kwamba ataingia mashindano ambayo sharti lake la kwanza ni pikipiki ibaki vilevile ilivyotoka dukani, Mutunga, mwenyekiti wa steji, alimtazama kwa huruma.

"Buda," alisema, "hiyo si race. Hiyo ni umaskini."

Abdurahim alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, na katika kazi yake ya bodaboda alikuwa amebeba kila kinachobebeka na vichache visivyobebeka. Hata hao wa mashindano walimpata kwa njia hiyo. Siku moja alipita Baba Dogo na kabati la nguo la milango mitatu limefungwa nyuma yake, na mwenye kabati amelikumbatia kwa nyuma, akaingia kona bila kushika breki, akalala na kabati lake, akainuka nalo. Mwanamke mmoja aitwaye Wavinya, mwenye gereji pale, alikuwa nje anakunywa chai. Zamani alikuwa mwendeshaji wa mbio mpaka goti lilipomwambia basi. Akaweka kikombe chini, akapanda pikapu yake, akamfuata Abdurahim hadi kabati lilipofika kwa wenyewe. Alimtazama akilishusha, hakumsaidia, kisha akamuuliza ni nani aliyemfundisha kukata kona.

"Ni kabati," Abdurahim alisema. "Ukishika breki kwa kona, linakuja mbele kukusalimia."

Wavinya alimwambia aje Jumatatu.

Alikuwa na timu ndogo katika daraja la pikipiki za dukani, pikipiki zilezile za bodaboda. Kanuni zake hazikuwa nyingi: ng'oa taa na vioo, badilisha matairi na breki, basi. Injini inapakwa rangi kwenye nati zake ili ukiifungua ijulikane. Maana yake ni kwamba ukimpita mwenzako, umempita wewe, si fundi wako wala baba yako. Abdurahim aliipenda kanuni hiyo. Fundi hakuwa naye, na baba alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Mbio zake za kwanza zilikuwa kwenye uwanja wa lami huko nyanda za Athi, na kwa mizunguko mitatu aliwafundisha watu adabu. Pikipiki bila kabati, bila magunia, bila mama mwenye mtoto na debe la unga, ilikuwa nyepesi mpaka ikamtia wasiwasi kwamba kuna kitu kimeanguka njiani. Alikuwa anaongoza. Ndipo mtu mmoja akateleza kwenye kona ya mwisho, na msimamizi wa kona akatoka na bendera ya manjano akaipunga. Bendera hiyo inasema punguza, usimpite mtu, endelea. Abdurahim alikuwa ameelezwa asubuhi, na alikuwa ameitikia kwa kichwa. Lakini tangu alipoanza kazi ya boda, mkono ukipungwa kando ya barabara umekuwa na maana moja tu. Mguu ulikanyaga breki wenyewe. Alisimama sawasawa mbele ya msimamizi, akaweka mguu chini, akainua kioo cha helmeti.

"Unaenda wapi?"

Msimamizi alikuwa mzee mstaafu anayeichukulia kazi yake kwa uzito. Akasema haendi popote.

"Haya, poa," Abdurahim akasema, akaondoka. Alikuwa wa mwisho. Jioni ile uwanja mzima ulimjua kwa jina la Waenda Wapi, na mbio zilizofuata hata kipaza sauti kilimtangaza hivyo.

Hakukata tamaa, wala hakuponyeka upesi. Mbio za pili alipunguza mwendo kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akipungia watu kwenye uzio. Mbio za tatu alimpunguzia mwendo muuza soda. Hata hivyo alikuwa akipanda: wa saba, wa tano, wa tatu. Kila aliposhindwa alishindwa kwa adabu. Mwenzake katika timu, Awale, kijana wa Eastleigh ambaye wazazi wake wanauza vitambaa kwa jumla, hakuwa na tatizo hilo. Awale hakuwahi kubeba abiria maishani. Alikuwa mwungwana, anaswali kwa wakati, anasafisha helmeti yake kwa kitambaa maalumu, na mtu angeweza kumpungia mpaka bega ling'oke.

"Tutakutibu," Wavinya alimwambia Abdurahim.

Dawa yenyewe ilitolewa siku za Jumapili, viwanda vya Baba Dogo vikiwa vimefungwa na barabara tupu. Wavinya aliwaita watu wa steji ya Tassia wote, akawapanga kandokando, akawaambia kazi yao ni kusimamisha pikipiki. Ya Abdurahim ni kutosimama. Wakaja kwa moyo mmoja. Mutunga alifunga leso kiunoni, akajishika mgongo, akalia kama mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Abdurahim akasimama mara mbili na akamuuliza hospitali gani. Mwingine alikuja na godoro. Mwingine alijilaza chini. Wiki ya kwanza aliwasimamia karibu wote. Ya pili alisimamia leso tu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akiwapita kama nguzo za stima. Siku ya mtihani mvua kubwa ilinyesha, na Wavinya mwenyewe akasimama barabarani na goti lake bovu, akainua mkono. Abdurahim alimpita akamrushia maji. Wavinya akarudi gerejini kwa miguu, amelowa chapachapa, anatabasamu.

Tatizo la dawa ni kwamba haichagui. Mguu uliosahau kusimama Baba Dogo ulisahau na Tassia pia. Wateja wakaanza kunung'unika. Walisema Waenda Wapi ana maringo siku hizi, kwamba ameonja lami ya mabwana. Na manung'uniko ya Tassia yana kituo chake cha mwisho, nacho ni karai la Bi Kibibi, mama yake Abdurahim, aliyeuza mahamri na mbaazi chini ya ghorofa wanaloishi. Kila aliyekuja kununua alinunua na kuacha maneno.

"Mama Yurub kanambia ulimpita jana," Kibibi alimwambia mwanawe usiku ule wakila. "Na mtoto mgonjwa mgongoni."

"Sikumwona, Mama."

"Hukumwona, au hukusimama?"

Abdurahim alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo mbele ya chakula. "Niliona mkono," alisema. "Mtu mwenyewe sikumwona."

"Mkono haujiinui, mwanangu. Nyuma yake kuna mtu na shida yake." Kibibi akampakulia mbaazi nyingine. Alikuwa mtu wa aina hiyo: akikukaripia anakuongezea chakula, ili usipate kisingizio cha kuondoka.

Ndipo Abdurahim akamweleza lile lililokuwa likimkaba roho. Mwakani Wavinya anaingia daraja la juu, la pikipiki zenye injini ya mia nne, kubwa, za dukani vilevile, lakini mbio zake ni hadi Kampala na Afrika Kusini. Nafasi ni moja. Kati yake na Awale, atakayemtangulia mwenzake katika mbio za mwisho za msimu ndiye atakayeipata. "Nikiipata, nataka radhi zako, Mama."

"Radhi kwa kitu gani? Mimi sijakiona."

"Si uje ukione? Kila nikikualika una maulidi, una harusi, una oda ya mahamri."

"Nitaangalia," Kibibi alisema.

Katika nyumba ile "nitaangalia" maana yake ni hapana iliyovaa buibui. Lakini Abdurahim alikwisha kuamua moyoni kwamba bila radhi za mama hatapanda ile pikipiki, hata wamtie ufunguo mfukoni. Anawajua vijana wawili wa mtaa waliokwenda mbali bila radhi. Mmoja amerudi, na heri asingerudi.

Usiku wa kuamkia mbio za mwisho alilala gerejini Baba Dogo pamoja na Awale, kama ilivyokuwa desturi ya Wavinya. Na simu zao, kama ilivyokuwa desturi yake pia, zilifungiwa katika mkebe wa biskuti mpaka mbio ziishe. Wavinya anaamini simu ina uzito. Asubuhi pikapu ikatangulia na pikipiki za mashindano, Awale akapanda humo, na Abdurahim akafuata nyuma kwa pikipiki yake ya kazi, akishuka na Outer Ring, kichwa chake chote kikiwa kwenye ile kona ya mwisho: aingie nje au aingie ndani. Alipofika Tassia watu kadhaa waliinua mikono kando ya barabara, kama kawaida ya Jumapili asubuhi, na kuna aliyempigia hata honi. Akawapita wote. Mguu haukustuka. Abdurahim alifurahi. Alijiambia, sasa nimepona.

Mbio zenyewe zilikwenda hivi. Awale alitangulia tangu mwanzo, akaendesha kwa unadhifu, asikosee hata mara moja. Abdurahim alimfuata nyuma kama deni. Uzio ulikuwa umejaa watu, na wote walikuwa wakipunga: mikono, kofia, leso, chupa, mtoto mzima aliyeinuliwa na baba yake. Abdurahim hakuona hata mmoja. Bendera ya manjano ilipopungwa alipunguza kama inavyotakiwa, na yule mzee mstaafu, aliyekuwa amejiandaa kuulizwa safari yake, akaonekana kama mtu aliyenyimwa kitu. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya mwisho, Awale alitafuta gia asiipate. Pikipiki ikapiga kelele bila kwenda, naye akainua mkono juu, ishara ya wenye mbio kuonya walio nyuma kwamba nina shida, nipite. Mkono, karibu kabisa, wa mtu anayemfahamu. Moyo wa Abdurahim ulitaka kuuliza. Mkono wa kulia ukafungua mafuta. Akampita kwa ndani, akalala jinsi lile kabati lilivyomfundisha, akaingia mwishoni wa kwanza.

Kipaza sauti kilimtangaza Waenda Wapi, na watu wakajibu kwa pamoja kwamba haendi popote. Awale akaja kumkumbatia, akasema mashallah, na alimaanisha. Wavinya akampa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwakani mia nne," alisema, kisha akaenda kukagua matairi, kwa sababu hakupenda watu wamwone macho.

Abdurahim alizunguka uzio wote akitafuta buibui la mama yake. Aliangalia waliokaa, waliosimama, waliokuwa kwenye foleni ya chipsi. Hakuwapo. Alijua hatakuwapo, na bado ilimuuma kama vile alikuwa ameahidiwa. Akaenda kuchukua simu yake kwenye mkebe, ndani ya pikapu. Ilikuwa imejaa simu za Mama, zote za asubuhi, moja baada ya nyingine, na baada ya hapo kimya. Akapiga. Haikushikwa. Akavaa helmeti na kuondoka bila kuaga, kombe limefungwa nyuma kwa mpira kama kuku wa sikukuu.

Mutunga alikuwa stejini, amekaa juu ya pikipiki yake iliyokamilika. Alipomwona hakumpongeza.

"Mathe alikuwa hapa," alisema. "Asubuhi mapema. Amevaa zile nguo za Idi, ameshika hotpoti. Nikamwambia, mathe, panda nikupeleke. Akakataa. Akasema kijana wake anapita hapa, atamsimamia." Mutunga akasafisha kioo ambacho hakikuwa kichafu. "Ukapita, buda. Alikupungia mkono, ukapita. Mimi nikakupigia na honi."

Aibu ilimshuka Abdurahim kutoka masikioni hadi magotini, na kama si helmeti, steji nzima ingemwona akilia mchana kweupe.

Kibibi alikuwa ameketi nyumbani karibu na mlango, buibui jipya bado liko mwilini, mkoba begani, hotpoti ya mahamri mapajani imefungwa leso. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Asalaam aleikum, Mama."

"Waaleikum salaam. Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Alhamdulillahi. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Ulipita," Kibibi alisema. "Wakimbia sana, mwanangu. Sikuona zaidi ya hapo."

Abdurahim alisimama pale na kombe mkononi. Alitaka kueleza habari za dawa ya Baba Dogo, na mkebe wa biskuti, na kona ya mwisho, akaona kila neno ni la kweli na hakuna hata moja linalofaa. Akaliweka kombe juu ya friji. Akashuka ngazi. Kibibi akasikia pikipiki ikiwashwa, ikizunguka ghorofa, ikisimama chini ya dirisha lake. Akachungulia. Mwanawe alikuwa ameweka mguu chini na kuinua kioo cha helmeti.

"Unaenda wapi, Mama?"

Kibibi alimtazama kwa muda mrefu, mpaka jirani wa ghorofa ya juu naye akachungulia.

"Naenda kwenye mbio za mwanangu," alisema.

"Panda."

Walipofika uwanjani kamba zilikuwa zikikunjwa. Mlinzi wa lango akainua mkono, Abdurahim akasimama. Mlinzi akasema mbio zimekwisha. Kibibi akafungua leso, akampa mahamri manne ya moto kiasi, na mlinzi akagundua kwamba hazijaisha sana. Wakaingia kwenye lami, mama amekaa upande upande na hotpoti yake, mwana akienda taratibu, akionyesha.

"Hapa ndipo tunapoanzia. Hapa ndipo nilipomuuliza yule mzee anakwenda wapi."

"Akasema anakwenda wapi?"

"Haendi popote."

"Sasa alikuwa anapunga nini?"

Abdurahim akaeleza bendera ya manjano. Akaeleza na kona ya mwisho. Walipomaliza mzunguko Kibibi aligeuka kuitazama lami.

"Kwa hiyo mnazunguka, kisha mnarudi palepale."

"Ndiyo, Mama."

"Na mtu akianguka?"

"Wako watu wa machela. Wanamfikia haraka, kabla hajajua kama ameumia."

"Basi humu usisimame," Kibibi alisema. "Humu wana wenyewe wa kuwasimamia."

Kuhusu radhi hakusema neno, na Abdurahim hakuuliza. Aliogopa. Asubuhi alimpita mama yake, naye amevaa nguo za Idi. Atauliza kwa uso gani? Wakatoka langoni, wakashika barabara ya kurudi, jua likianza kulegea juu ya viwanda vya saruji.

Mbele kidogo mkono uliinuliwa.

Mguu wa Abdurahim haukufanya chochote. Ulikuwa umetibiwa vizuri. Aliona mkono, kama alivyokuwa akiona mikono siku hizi, kitu kinachokuja na kupita. Akajilazimisha kutazama nyuma ya mkono. Kulikuwa na sweta ya kijani. Kulikuwa na mwanamke ndani ya sweta, amechoka, na miguuni pake trei za mayai zimefungwa kwa kamba. Akakanyaga breki kwa kusudi, yeye mwenyewe, na kati ya breki zote alizoshika siku ile hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu.

"Unaenda wapi?"

"Pipeline. Lakini naona uko na mtu."

"Panda, mama, tutabanana," Kibibi alisema, naye akasogea mbele. Sheria inakataza kubeba abiria wawili, na steji ya Tassia huiheshimu sana sheria hiyo popote polisi walipo. Yule mwanamke akapanda, akapakata mayai yake, na pikipiki ikaondoka imejaa, nzito, kama Abdurahim alivyoizoea.

Walikuwa wamekwenda kidogo tu Kibibi alipogeuza shingo kumwambia yule mgeni, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hata na anayeendesha.

"Huyu ni mwanangu. Leo ameshinda mbio. Mwakani anapanda zile kubwa, aende hadi Afrika Kusini. Mimi mwenyewe nimempa radhi zangu."

Abdurahim akashusha kioo cha helmeti, ingawa barabara haikuwa na vumbi.

"Hongera sana, mama," yule mwanamke akasema, akizikumbatia trei zake kwa nguvu zaidi. "Sasa mwambie aende polepole. Niko na mayai."